Koki ya Matangi Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amechoka kunisikiliza. Leo asubuhi ameniwekea daftari hili kando ya kikombe cha chai akasema, "Haya maneno yako ya kuwasema watu, yaandike humu. Mimi masikio yamejaa." Basi naandika. Faida ya daftari ni kwamba haliniambii nipunguze sauti.

Mimi ni fundi wa boti. Yadi yetu iko kando ya bwawa la umeme, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili humo. Tuko mafundi watatu, anayeijua kazi ni mmoja. Sitamtaja, asije akavimba kichwa.

Mvua zimeanza leo saa nane mchana. Fimbo ya kupimia maji pale gatini inasoma mita nne na nusu.

Mvua zikianza, na mashindano ya uvuvi yanaanza. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao wanavaa fulana zenye maandishi, wanakimbiza boti kama wamekurupushwa na nyuki, wanavua samaki kwa ndoano, wanawapima, wanawapiga picha, kisha wanawarudisha majini. Samaki nao wanarudi zao. Nilimuuliza mmoja wao, sasa hapo umepata nini? Akasema, "Uzoefu." Huyo ni shemeji yangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimweleze huyo shemeji, maana daftari halimjui. Amemuoa mdogo wangu, ndugu pekee niliye naye. Wazazi walipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, mimi ishirini na mitatu. Nikamlea, nikamsomesha, akawa mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu! Halafu akapiga hesabu zake zote akaishia kwa muuza magodoro.

Yadi nzima wanamwita Bingwa kwa sababu ya kofia yake iliyoandikwa hivyo mbele. Hajawahi kushika hata nafasi ya tano. Kofia aliinunua. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na chini ya ile kofia kuna upara.

Boti yake ni nyekundu, inang'aa kama kucha za bibi harusi. Ina matangi mawili ya petroli, la kushoto na la kulia, na koki moja chini ya kiti cha nyuma ya kuchagua injini inywe kutoka lipi. Mtoto wa chekechea anaiweza. Unaelekeza mkono wa koki kushoto, unatumia la kushoto. Kulia, la kulia. Leo Bingwa amekuja kuniambia kwamba akiwa kwenye tangi la kulia injini inakohoa.

"Ipeleke hospitali," nimemwambia.

Amecheka. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba ukimtukana anacheka.

Jumamosi, 9 Machi

Mashindano ya kwanza. Wamerudi wa mwisho, injini imewazimikia mara mbili. Mdogo wangu ndiye mwenzake kwenye boti, na samaki wote ni wake. Kazi ya mume ni kuendesha na kushangilia.

"Shemeji, nadhani ni koki," Bingwa ameniambia.

"Unadhani kwa kutumia nini?"

"Kaka, basi," amesema mdogo wangu. Amelowa mpaka kwenye mifupa na bado anamtetea.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Fimbo inasoma nne nukta nane.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeifungua koki. Ni koki kweli. Oringi, ile pete ya mpira ya ndani, imekatika, inavuta hewa. Sijamwambia amepatia, maana kubahatisha si kujua. Nimeagiza mpya.

Amesimama nyuma yangu saa mbili nzima, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kila ninachoshika anauliza. Hii ni nini? Na hii inafanya nini? Na hili kopo? Nikamwambia ni chujio, linatenga maji na petroli. Maji yakijaa injini inazima, unalifungua, unamwaga, unalirudisha, halafu unaminya pampu hii ya mpira mpaka iwe ngumu mkononi. Nilimweleza ili anyamaze. Hakunyamaza. Nadhani kule dukani magodoro hayamjibu, basi maswali yote anayaleta kwangu.

Jumanne, 19 Machi

Koki mpya imefika, nimeifunga leo. Si kampuni ile ya siku zote, lakini koki ni koki. Mipira miwili kutoka kwenye matangi, mmoja kwenda kwenye injini, klipu sita, kazi ya saa moja. Mkono wake una mkia mrefu upande mmoja na pua fupi upande wa pili. Nimepaka rangi nyeupe ncha ya mkia, kama ninavyofanya koki zote, ili hata mtu wa magodoro aone ameelekea wapi. Mkia unakoelekea ndiko kuliko wazi. Ndivyo zilivyo koki zote nilizofunga tangu niingie yadi hii.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, michoro na lugha sita. Bingwa ameiokota akaanza kuisoma, midomo inacheza.

"Shemeji, humu wanasema kwamba mkono..."

"Mimi nilikuwa nafunga koki wewe bado unafundishwa kufunga kamba za viatu."

Nimemnyang'anya nikaifutia grisi. Karatasi zile wanawaandikia watu wasio na fundi. Nimewasha injini ndani ya pipa la maji, kushoto imenguruma vizuri, kulia imenguruma vizuri. Amenishukuru mara tatu. Mtu mwenye haya angeshukuru mara moja.

Jumamosi, 23 Machi

Nafasi ya tatu. Bingwa amerukaruka gatini mpaka mbao zimelalamika. Ameniletea zawadi, kofia kama yake. Nimeifanya tambara la kufutia mikono, na inafuta vizuri, lazima niseme.

Ana la kusema kama kawaida. "Shemeji, siku nzima nimetumia tangi la kushoto, lakini geji ya mafuta ya kushoto haijashuka hata kidogo. Geji ya kulia, unajua, haijawahi kufanya kazi."

"Basi na ya kushoto imekufa. Zimezikana."

"Au labda..."

"Bingwa. Umepata nafasi ya tatu. Nenda kapigwe picha."

Akaenda.

Jumapili, 24 Machi

Mke wangu ameniuliza shemeji amenikosea nini hasa. Nimefikiri muda mrefu. Nimemwambia, anaudhi. "Hilo si kosa," amesema, "hiyo ni sura yake." Kisha akaniwekea methali, maana hajawahi kukosa: mdharau mwiba mguu huota tende. Nimemjibu kwamba mwiba angalau una ncha.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Tano nukta sita. Mwenye yadi amehamisha boti tatu za chini.

Jumapili, 31 Machi

King'ora cha bwawa kimelia mara tatu saa nne asubuhi. Wamefungua milango ya kumwagia maji. Maji yamefika sita nukta moja, na yakifika sita hawana hiari. Ukisimama mwisho wa gati unaona kabisa bwawa lote linatembea, polepole, kuelekea ukuta wake. Mita mia mbili kabla ya milango kuna mnyororo wa maboya ya rangi ya chungwa. Ukivuka hapo, hurudi na boti, na kwa mvua hii hata wewe mwenyewe hurudi. Mwaka ule wa mafuriko walivuka wawili, wakaokotwa upande wa pili siku ya tano.

Mashindano hayajaahirishwa. Wenye mashindano wametoa tangazo kwamba washiriki wasisogelee maboya. Ahsanteni sana kwa busara.

Jumanne, 2 Aprili

Nilisema mtu huyu ni mjinga, nikaonekana nina roho mbaya. Leo nimekuta kifuniko cha tangi lake la kulia kimekaa tu juu, hakijafungwa hata mzunguko mmoja. Ameweka mafuta, akakiegesha, akaenda zake. Siku kumi za mvua zimeingia humo. Nimechota kidogo chini kabisa nikamimina kwenye chupa. Petroli juu, maji chini, na maji ndiyo mengi.

Nimempigia simu nikampa za uso. "Pole, shemeji," amesema. "Pole, ni mimi, nilikuwa na haraka." Hata kugombana hawezi. Ni sawa na kupigana na godoro.

Ijumaa, 5 Aprili

Pampu ya kunyonyea matangi iko kwa fundi mwingine mpaka Jumatatu. Kesho ni mashindano. Nimewaambia waache, mdogo wangu amesema wako nafasi ya nne kwa jumla na msimu unakaribia kwisha. Amesema hivyo mwanamke mwenye shahada.

Basi nimefanya linalowezekana. Tangi la kushoto ni safi na limejaa, linatosha siku nzima. Nimeelekeza mkia mweupe kushoto, halafu nikachukua waya wa chuma nikaufunga mkono wa koki usigeuke. Nimeuzungusha mara nne nikaukaza kwa koleo.

Bingwa amechungulia. "Shemeji, na kama..."

"Hakuna na kama. La kulia lina maji uliyoyaweka mwenyewe. Ukigusa waya huu nitakuvunja vidole."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Wewe ndiye mwenye akili humu. Asiguse."

"Hatagusa, kaka," amesema.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika yote, kwa utaratibu wake.

Waliondoka saa moja asubuhi, boti kumi na saba, kwenye manyunyu. Saa tano upepo ukageuka, mvua ikashuka kama mtu amepindua pipa. Wenye mashindano wakapuliza firimbi ya kurudi. Zikaanza kuingia moja moja. Nilikuwa nazihesabu bila kujionyesha kwamba nahesabu. Saa sita na robo zilikuwa kumi na sita.

Mzee mmoja wa boti ya kijani alipofunga kamba alinifuata. "Fundi, ile nyekundu imezima. Nimewaona upande wa ukutani, mama yule anapunga kasia. Nilitaka kuwafuata, mawimbi yakanirudisha."

Nilikimbilia boti ya yadi. Ilikuwa juu ya magogo, injini imefunguliwa, vipande vyake nimevipanga mwenyewe juu ya gunia tangu Alhamisi. Nikarudi gatini nikamvuta mtu kwa kola anipe boti yake. King'ora kikalia tena, wanaongeza upana wa milango. Ukutani huko huoni kitu, ni weupe mtupu. Nilimwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshafungua kamba ya boti ya watu tuliposikia injini.

Nyekundu. Ilikuja imejaa maji nusu, inakwenda upande. Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, ameshikilia mguu wa kiti. Bingwa alikuwa usukani bila kofia, upara wake unang'aa kwa mvua, damu zinamtoka kwenye kiganja.

Alipogusa gati tu akasema, "Shemeji, nisamehe, nimekata waya wako."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Mdogo wangu alinieleza huku nimemfunika koti langu. Walikwenda vizuri kama nusu saa, wakavua, wakahama, wakavua tena, halafu injini ikakohoa ikazima kabisa. Bingwa akasema ageuze koki. Yeye akakataa. "Nilimwambia kaka kafunga waya, kaka anajua, la kulia lina maji. Tukawa tunasukumwa, kaka. Tunasukumwa na tunagombana. Nilikaa juu ya koki. Akanivuta, nikamng'ata mkono. Nilimng'ata kweli. Akasema, mke wangu, hili limeshakufa, hata hilo jingine likifa tumepoteza nini? Boti ikagonga maboya, ikalalia mnyororo, ikawa inapanda juu yake. Nikaona ile milango. Hapo ndipo akanisukuma."

Alifungua chujio, akamwaga, akarudisha. Akakata waya kwa koleo la kung'olea ndoano. Akageuza koki kulia, kwenye tangi la maji. Akaminya pampu. Akawasha. Ikawaka.

Na mimi nilifanya nini? Nilimkaba shati. Watu zaidi ya thelathini wanaangalia. "Tangi la kushoto nalo umeliacha wazi!" nilimwambia. "Umetia maji matangi yote mawili! Umenusurika kwa bahati, na hilo nalo hulijui! Ulitaka kumuua!"

Midomo yake ilikuwa myeupe. "Labda, shemeji," alisema. "Labda nililiacha. Sikumbuki."

Mdogo wangu alikuwa ananitazama mimi, halafu akamgeukia mumewe, na nikaona uso wake unabadilika.

Jumapili, 7 Aprili

Mdogo wangu amekuja na begi. Amesema, "Miaka minane namtetea kwako. Kumbe wewe ulikuwa unaona." Amemwambia mumewe hawezi kulala nyumba moja na mtu ambaye uzembe wake ulitaka kumtupa mtoni. Bingwa hakujitetea. Alimbebea begi mpaka kwenye gari.

Miaka minane nimeisubiri siku hii. Nimempisha chumba cha watoto na mke wangu amemtandikia. Nimelala vizuri sana mchana.

Jumatatu, 8 Aprili

Pampu imerudi. Nimenyonya tangi la kushoto kwanza, ili nimwonyeshe kila mtu hayo maji yake. Petroli safi. Nimenyonya mpaka chini, nikamimina kwenye chupa nne. Safi kama machozi. Na limejaa karibu lote, ila kile kidogo cha kurudia gatini.

La kulia limepungua kuliko nilivyoliacha Ijumaa. Maji yamebaki kidogo tu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya boti. Kisha nikaifungua koki, nikaiosha kwa petroli, nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza, nikaweka mdomo. Nimepuliza kwenye tundu la kushoto, mkia mweupe ukiwa kushoto. Hewa haipiti. Nimepuliza kwenye la kulia. Imepita. Nimegeuza mkia kulia. Hewa inapita kushoto.

Chini ya ile pua fupi, ukifuta kwa kidole, kuna mshale mdogo umechongwa. Kwenye koki hii pua ndiyo inayoonyesha. Mkia ni wa kushikia tu.

Kwa hiyo Ijumaa nilimfunga mdogo wangu kwa waya wa chuma, mizunguko minne, kwenye tangi la maji. Chujio likameza maji mpaka likashindwa. Na yule niliyemwambia nitamvunja vidole ndiye aliyemrudisha, akidhani ananiasi.

Botini nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyeona. Nimeirudisha koki mahali pake, nimefuta rangi nyeupe, nimepaka kwenye pua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatano, 10 Aprili

Bingwa amekuja yadini kubandika tangazo, anauza boti. Ameandika kwa mkono wake: sababu, mwenyewe hafai kuendesha. Mwenye yadi amecheka akaniita nikaone. Mafundi wenzangu nao wakacheka. Walinitazama wakingoja niseme langu, maana langu ndilo huwa tamu. Nikaokota spana nikaondoka.

"Mdogo wako hajambo?" Bingwa aliniuliza pembeni.

"Hajambo."

"Mwambie... Basi, usimwambie kitu."

Jioni nimemkuta mdogo wangu jikoni, sinki linamwaga maji, analia ili asisikike. Nilifunga bomba. Nikasema pole. Nikatoka. Nimeandika humu kuhusu mjinga, mzembe, mtu asiye na haya. Wiki tano nimekuwa nikimwandika mtu, na wala sikuwa namjua. Ni mimi. Kinachonichefua ni kwamba mjinga halisi angalau hajui. Mimi najua tangu juzi, na nimekula chai, na nimesema pole.

Mke wangu ameuliza nina nini. Nimemwonyesha ukurasa wa Jumatatu. Ameusoma amesimama. Amenirudishia daftari bila methali yoyote, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kesho," amesema. "Usiponiambia umekwenda, nitakwenda mimi."

Alhamisi, 11 Aprili

Nimefungua koki nikaiweka mfukoni, nimekwenda dukani kwake. Sijawahi kuingia humo miaka yote minane. Magodoro yamepangwa mpaka darini, kila moja na kadi yake imeandikwa kwa mwandiko mzuri, unene, uzito, kwa mgongo wa namna gani. Alikuwa anamhudumia bibi mmoja mwenye kiuno kibovu. Alimlaza kwenye magodoro matano, akapiga magoti kila mara kumtazama mgongo umekaaje, hakuharakisha. Nilisubiri mlangoni.

Bibi alipoondoka nikaweka koki juu ya meza yake. "Pulizia hapo," nikamwambia.

Akapuliza. Akageuza mkono, akapuliza tena. Akaipindua, akafuta pua kwa kidole gumba, akauona mshale. Hakuhitaji kuelezwa. Ilimchukua muda mfupi kuliko ulionichukua mimi.

"Kwa hiyo la kushoto halikuwa na maji," alisema.

"Halikuwa."

"Nilifunga kifuniko chake."

"Ulikifunga."

"Nilikuwa sahihi kukata waya."

"Ulikuwa sahihi. Ni mimi niliyekosea. Hata ile geji ilikuwa nzima."

Akakaa kwenye ukingo wa godoro. Nilidhani atacheka, kama siku zote. Nilitaka acheke. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na kwenye kiganja bado kuna alama ya meno ya mke wake.

"Siku tano silali," alisema. "Kila nikifumba macho nakifunga kile kifuniko, na kila nikikifunga nakikuta wazi." Kisha akainua kichwa. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi.

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi." Akasimama. "Twende ukamwambie. Mbele yangu. Na hilo la Jumatatu ulitaje."

Nimemwambia sebuleni, mke wangu akiwa amesimama mlangoni. Nimetaja waya, nimetaja karatasi niliyoifutia grisi, nimetaja Jumatatu. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, kama anasahihisha mtihani. Halafu akauliza swali moja tu.

"Jana jikoni, uliponifungia bomba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alikwenda chumbani, tukasikia zipu ya begi. Alipotoka alipita mbele yangu. Hakunisonya, hakulia. Alimshika mumewe ule mkono wenye alama, akauangalia, akaupeleka kwenye shavu lake. Wakatoka. Mke wangu aliwasindikiza mpaka getini. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sebule na koki mkononi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua imekatika. Tano nukta tatu, milango imefungwa.

Jana nimesimama mbele ya wote yadini nikawaeleza nilichofanya, na nikalibandua lile tangazo mwenyewe. Mwenye yadi alitazama viatu vyake muda wote. Hakuna aliyecheka, ingawa ningewaelewa.

Leo saa tatu Bingwa amekuja na trela. Boti anaihamishia yadi ya ng'ambo. Nilikuwa nimeshamfungia koki upya, nimesoma karatasi nyingine niliyoiomba kwa muuzaji, mistari yote, na nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya kiti. Nikamweleza klipu zote zimekazwa, nikamwomba apulize mwenyewe ahakikishe. Akapuliza, kushoto, kulia. Akatikisa kichwa kukubali.

Nilimsaidia kusukuma mpaka ndoano ya gari ikashika. Mdogo wangu alikuwa kiti cha mbele, kioo kimepandishwa, anaangalia barabara. Nilisubiri angalau ageuke. Bingwa alifuta mikono, akanipa wa kulia, nikaushika.

Kwa miaka minane ameniita shemeji, hata siku nilizomtukana mbele ya watu, hata akiwa anavuja damu.

"Ahsante, fundi," amesema, akapanda gari.